Mkanda wa Nne

Aliaye ni mkanda, mgonjwa ni roda. Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi kwenye kikao cha ukoo, pale shangazi yenu Atupele alipoitamka, kikao kikafungwa hata chai haijaiva. Nyinyi mkabaki mnatazamana. Sasa mnakuja kuniuliza roda ni kitu gani na inaumwa nini. Vizuri mmeuliza. Wapo watu wazima hapa Ngulilo wanaitumia kila siku bila kujua ilikotoka. Mmoja nilimsikia akisema ni ya mafundi cherehani, nikamwacha aendelee kujifurahisha. Sogezeni vigoda. Mwenye simu aizime. Methali hii haikutoka kwa mababu, ilitoka kwenye gari la maziwa, na mimi nilikuwepo. Ilianza hivi.

Miaka ile lami ilikuwa haijapanda huku mlimani. Chama chetu cha wafugaji kilikuwa na gari moja tu, pikapu kuukuu ya dizeli, ambayo watu waliipa jina la Ndaga, kwa sababu kila ilipopita mtu alisema "ndaga", yaani asante, hata kama haikumbebea kitu. Kila siku alfajiri Ndaga ilizunguka vituo saba kuchukua keni za maziwa, ikateremka nazo Mteremko wa Kajembe hadi mjini, kwenye tangi la kupoza la kiwanda. Maziwa hayana subira. Jua likishapanda yakiwa bado njiani, kule kiwandani wanayapima, wanatikisa kichwa, na kazi ya kijiji kizima inamwagwa mtaroni. Kwa hiyo Ndaga ikilala, nasi sote tulilala nayo.

Chama kilikuwa na sheria moja ambayo sijaiona mahali pengine popote. Ofisini palikuwa na ukuta uliopigiliwa misumari safu kwa safu. Dereva akitaka kipuri kipya, lazima kwanza alete kile kilichokufa, akitundike msumarini mbele ya wanachama, ndipo stoo ifunguliwe. Tuliuita ukuta wa vilivyokufa, na maneno yake yalikuwa haya: kilichokufa kiletwe, kipya kitolewe. Sheria hiyo haikuzuka hivi hivi. Zamani dereva mmoja aliomba betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na betri ya kwanza ikaja kuonekana dukani kwa shemeji yake inapiga redio, tena kwa sauti ya juu. Tangu siku hiyo, msumari usipopata maiti, stoo haikufunguka.

Aliyeitunga sheria hiyo ni mwenyekiti, Mzee Mwasomola, na ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, mchana na usiku. Tusimsingizie mtu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mzee Mwasomola alikuwa mwaminifu kuliko wengi wenu mtakavyokuwa. Hakunywa hata kikombe kimoja cha maziwa ya chama ambacho si chake. Ila alikuwa na tabia moja: hakupenda kuambiwa. Ukimwambia kitu kabla hajakiona mwenyewe, aliona unamfundisha kazi.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakati ule hatukulitilia maanani. Ndani ya miaka miwili chama kilikuwa kimebadili madereva watatu. Kila mmoja alikuja na nguvu zake, akaanza kulalamikia gari, akaitwa mvivu, akaondoka. Sisi tukasema Ngulilo haina bahati na madereva. Tukaishia hapo.

Wa nne aliitwa Gwakisa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyewahi kuendesha malori ya mafuta hadi ng'ambo ya mpaka. Aliiacha kazi hiyo kubwa akarudi nyumbani kwa sababu mama yake alipigwa na kiharusi, upande mmoja wote ukafa. Ndugu zake walikuwa wamekwisha fariki; kwa mama yule alibaki yeye peke yake. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji. Saa saba mchana Ndaga ikirudi alikuwa nyumbani tena kumgeuza upande wa pili. Kazi ya gari la maziwa ilimkaa Gwakisa sawasawa. Akiipoteza, hakuna nyingine ya dereva huku mlimani. Ingebidi arudi kwenye malori, wiki tatu njiani, na yule mama angebaki na kuta. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake kila alipoitia Ndaga ufunguo, nanyi mliweke moyoni ninapoendelea.

Sasa nisikilizeni niwaeleze mkanda. Mbele ya injini kuna mkanda mmoja mrefu wa mpira. Injini ikizunguka, mkanda unazunguka nayo, na mkanda huo ndio unaozungusha vingine vyote: pampu ya maji yanayoipoza injini, alteneta inayotia umeme kwenye betri, pampu inayoufanya usukani uwe mwepesi, na kwenye gari kama Ndaga, hata ile pampu ndogo inayomsaidia dereva kukanyaga breki. Ili mkanda usilegee, kuna kigurudumu kimeshikiliwa na mkono wenye springi, kinauegemea mkanda kutwa nzima na kuukaza. Mafundi wa mjini wanakiita tensheni. Fundi wetu Asajile alikiita roda. Roda imejificha, haina sifa, na hakuna anayeikumbuka. Ikichoka, yenyewe haipigi kelele. Anayepiga kelele ni mkanda.

Basi masika yale mkanda wa Ndaga ukaanza kulia. Asubuhi ya baridi Gwakisa akiwasha gari, mlio wake uliwafikia hata walio ng'ambo ya kijito, na wenye nguruwe walitoka nje kutazama kama wa kwao wako salama. Haukupita muda mkanda ukachanika. Gwakisa akautundika, akapewa mpya. Wiki sita zikapita, wa pili nao ukachanika. Akautundika. Wa tatu haukufikisha hata mwezi. Siku alipoutundika huo wa tatu ofisi ilikuwa imejaa, na Mzee Mwasomola aliitazama mikanda ile mitatu inavyoning'inia, halafu akamtazama dereva kwa muda mrefu. Alimuuliza anaendeshaje, anapita wapi, anabeba nini wanachama wasichokijua. Gwakisa akajibu kwamba habebi kitu, na kwamba tatizo analiona si mikanda. Hapo watu wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti kwamba dereva wa nne naye ameshaanza kulia. Tulicheka, Mungu atusamehe, na mimi nilicheka.

Mzee Mwasomola hakucheka. Alisema, "Mkanda wa nne ukija hapa ukutani, njoo na funguo za gari mkono wa pili."

Jioni hiyo Gwakisa aliipeleka Ndaga kwa Fundi Asajile, karibu na soko. Asajile alikuwa mtu wa maneno machache, ukimsalimu anajibu kesho. Aliwasha injini, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye ile roda na mpini akauweka sikioni. Kisha akampa Gwakisa naye asikilize. Ndani ya roda mlikuwa na mlio wa kusagasaga, kama mtu anayesaga mahindi makavu kwa jiwe. Fundi akamweleza kwamba beringi ya roda imekwisha na springi ya mkono wake imechoka. Roda imelala upande kidogo, kiasi cha unywele, jicho halioni, lakini mkanda unaona. Kila mkanda mpya watakaoufunga utaliwa ukingo, utalegea, utalia, utakufa. Dawa ni kuing'oa roda na mkono wake wote, na kufunga nyingine, tena ya aina nzito kuliko ile ya mwanzo, maana Ndaga ilikuwa inabeba keni nyingi kuliko ilivyoumbwa kubeba.

Gwakisa akaenda kwa mwenyekiti asubuhi iliyofuata, kofia mkononi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza maswali matatu. Hiyo roda imevunjika? Haijavunjika. Imekatika? Haijakatika. Inazunguka? Inazunguka. Basi haijafa, akasema Mzee Mwasomola, na ukuta hauchukui wagonjwa, unachukua maiti. Gwakisa akarudi kwa fundi.

Asajile akamwangalia, akainama, akachukua nyundo. Alisema kwamba kuiua ni pigo moja tu. Waing'oe, waipige, waitundike ikiwa vipande viwili, wapewe mpya, na hakuna atakayejua. Gwakisa aliitazama ile nyundo. Nami nawaambia, wajukuu zangu, aliitazama sana, kwa sababu alimwona mama yake kitandani. Kisha akasema hapana. Ukuta ule ndio uliowafanya watu maskini wamwamini mtu na gari lao. Akitundika uongo pale, hata vilivyokufa kweli havitaaminika tena. Fundi akairudisha nyundo, akamwambia basi aendeshe polepole na asikie kila mlio.

Ikafika siku ya wageni. Kiwanda kilikuwa kinatuma watu wawili waje kutazama kama Ngulilo inastahili kupewa tangi lake la kupoza hapa hapa kijijini. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Tangi likija, maziwa ya jioni yasingeharibika tena. Wageni walisema watalisubiri gari letu chini ya Kajembe, ng'ambo ya daraja, wapime maziwa hapo hapo na kuona tunavyofanya kazi. Siku hiyo Mzee Mwasomola alivaa koti lake la harusi akapanda Ndaga mwenyewe, mbele, kando ya dereva. Nyuma tulipanda kina mama watatu wa kamati ya upimaji, tumekaa juu ya keni na vitenge vyetu vipya, tunaimba. Ndiyo, mimi nikiwa mmoja wao. Wakati huo nilikuwa na meno yote.

Kulikuwa na baridi na ukungu. Gwakisa alipowasha, mkanda ulilia kuliko siku zote. Mzee Mwasomola alishuka, akaingia kwenye nyumba ya kituo, akatoka na kipande cha sabuni ya mche. Mambo ya sabuni yalikuwa yanajulikana. Madereva wengi huipaka kwenye mkanda ili usipige kelele.

"Paka," akasema.

"Mzee, sabuni itaunyamazisha tu. Haitaukaza. Itauongezea utelezi."

"Ndicho ninachokitaka leo, unyamaze. Wageni wasikie nini? Wasikie gari la chama linalia njia nzima?"

Gwakisa aliishika ile sabuni. Alijua asichokitaka, na alijua pia kwamba yeye ni dereva wa nne, na neno moja zaidi lingetosha. Akapaka. Injini ikawashwa tena na kweli, kimya. Mwenyekiti akamwangalia kwa macho ya "umeona?", akapanda. Huku nyuma sisi tulishukuru, kwa sababu ule mlio ulikuwa unatuharibia wimbo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani anayeikumbuka methali akiwa amevaa kitenge kipya.

Kajembe mnaijua nyinyi ikiwa na lami na vizuizi vya chuma. Wakati ule ilikuwa udongo mwekundu na kona tano, upande mmoja ukingo, upande wa pili bonde ambalo ukirusha jiwe husikii likifika. Baada ya kona ya tano njia inanyooka, inateremka moja kwa moja hadi kwenye daraja la magogo, jembamba, lisilo na kingo.

Kona ya kwanza Gwakisa aliipita na masikio yamesimama. Kimya kile kilimtisha. Siku zote mkanda ulikuwa unamwambia ulivyo. Ukilia sana alipunguza mwendo, ukitulia naye alitulia. Leo haukumwambia kitu. Kona ya pili akaipita. Alipokuwa anaingia ya tatu taa nyekundu ya betri ikawaka mbele yake, na usukani ukawa mzito ghafla, mzito kama umeshikwa na mtu kwa chini. Akajua papo hapo. Mkanda umetoka.

 Alikanyaga breki, ikashika. Akaikanyaga mara ya pili, ikashika kidogo. Mara ya tatu pedeli ilikuwa ngumu kama anakanyaga gogo, na Ndaga, na keni zake zote zilizojaa, na kina mama watatu, na mwenyekiti ndani ya koti la harusi, ikaanza kuongeza mwendo. Aliitumbukiza gea ya pili. Injini ikanguruma, ikaishikilia kidogo. Kona ya tatu aliikata kwa mabega, si kwa mikono, na gurudumu la nyuma likarusha udongo bondeni.

Nyuma wimbo ulikatika. Hakuna aliyetuambia kitu, lakini mtu anajua.

Mzee Mwasomola aliuliza kuna nini. Gwakisa hakumgeukia.

"Mkanda umetoka, mzee. Breki hazisikii na usukani umekufa. Gonga kioo, waambie kina mama washuke kwenye keni, walale chini, washikane."

Mzee akagonga. Tulimwona uso wake kwenye kioo, tukalala bila kuuliza. Nilikuwa nimekumbatia miguu ya mwenzangu, maziwa yananimwagikia kichwani ya moto bado, na nikaanza kuwataja watoto wangu mmoja mmoja kwa majina.

Kona ya nne ilikuwa pana, Mungu alitupa hiyo. Ya tano ilikuwa kali. Gwakisa akasimama na miguu yote miwili juu ya breki, akavuta breki ya mkono, ikalia, ikanuka, haikutosha. Aliuvuta usukani na ukamgomea. Gari lilikuwa linaelekea bondeni, si haraka sana, lakini halisimami, na hapo alilia kwa sauti, akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu mzima maishani mwake.

"Vuta! Acha kukaa, mzee, vuta nami!"

Na Mzee Mwasomola akavuta. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, koti likachanika kwapani, wakavuta pamoja watu wawili kama wanaotoa ng'ombe kwenye tope. Hapo ndipo mwenyekiti alipousikia kwa mikono yake mwenyewe ule uzito ambao dereva alikuwa akimweleza kwa maneno. Ndaga ikageuka kwa shida, ikaipita kona, na mbele yao ikafunguka ile njia iliyonyooka, na daraja la magogo kule chini, na ng'ambo yake wageni wawili wa kiwanda wamesimama na vitabu vyao.

Gwakisa alilitazama daraja akajua hawatalipata. Kushoto, kabla ya daraja, palikuwa na shamba la migomba. Mgomba si mti. Ni maji yaliyosimama. Akasema "kushoto, mzee, sasa," na wakavuta tena, wakaiingiza Ndaga migombani. Mgomba wa kwanza ukalala, wa pili ukalala, wa tatu, nikaacha kuhesabu kwa sababu keni ilinipiga mdomoni. Ulipolala wa mwisho, gari likasimama limejaa majani hadi ndani.

Maziwa yalikuwa yanachuruzika. Kisha Gwakisa akatoka, akaja nyuma, akatugusa mmoja mmoja na kutuita majina. Mmoja wetu alikuwa ameteguka mkono. Mimi jino hili mnaloniulizia kila siku lilibaki kule migombani. Basi. Gwakisa alipoona wote tunapumua alikaa chini kwenye matope, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka. Wageni walikuja mbio, wakatupa pole, wakayatazama maziwa yakiingia ardhini, wakaandika kitu, wakaondoka.

Mchana wanachama walijaa ofisini hadi nje. Mnajua watu wakipoteza kitu wanavyotafuta wa kumpa lawama. Wengi hawakuwa garini. Walichojua ni kwamba maziwa yamemwagika, tangi limepotea, na mkanda wa nne umekufa. Walisema aondoke. Wengine walisema alipe migomba. Gwakisa akaingia kama alivyoambiwa, mkanda mkono mmoja, funguo za gari mkono wa pili. Akautundika mkanda msumarini, wa nne katika safu. Akaweka funguo mezani mbele ya mwenyekiti. Alikuwa hana kinyongo usoni, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Alikuwa anafikiria atamwambia nini mama yake.

Mzee Mwasomola hakuzigusa zile funguo. Alikuwa amekaa na koti lake lililochanika, anaitazama mikono yake.

Ndipo Fundi Asajile, aliyekuwa ametoka migombani kulifungua gari, akapenya kati ya watu, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Akaomba ruhusa. Aliishusha mikanda yote minne ukutani, akatupa sisi kina mama tuishike, akasema tupitishe vidole ukingoni. Tukapitisha. Kila mkanda ulikuwa umeliwa ukingo mmoja, ule ule, wa ndani. Ukingo wa pili ulikuwa mzima kama umetoka dukani. Miezi yote ile mikanda ilikuwa imening'inia pale machoni petu, inatuonyesha jeraha lake, na hakuna aliyeinua mkono kuigusa.

"Maiti wanne, jeraha moja," akasema fundi. "Aliyewaua ni mmoja."

Akafungua kitambaa, akatoa ile roda, akamwekea Mzee Mwasomola kiganjani. Ilikuwa inang'aa. Kwa macho ungesema nzima. Fundi akaizungusha kwa kidole, na ofisi nzima ikasikia ule mlio wa mahindi makavu, na tukaiona inavyoyumba kichwa kama mlevi anayejifanya mzima.

"Mlikuwa mnambadili anayelia," akasema Asajile, na kwake hayo yalikuwa maneno ya mwezi mzima. "Aliaye ni mkanda, mgonjwa ni roda."

 Watu wengi walikuwa wanalifikiria gari. Mimi sijui nini kilinituma. Nilikuwa na kitambaa mdomoni kimejaa damu, na swali likanitoka kabla sijalipima. Nikauliza, "Na madereva je? Wa kwanza alilia tukamfukuza. Wa pili. Wa tatu. Na huyu wa nne funguo zake ziko mezani. Nao wote tumewatundika?"

 Watu walitazama sakafu, wengine walitazama misumari. Kisha, mmoja baada ya mwingine, hata ambao hawakutaka, wakamtazama Mzee Mwasomola.

 Nilidhani atakasirika. Alisimama, akaenda ukutani, akaitundika roda kwenye msumari wa tano. Aliizungusha tena kidogo kwa kidole, akaisikiliza. Kisha akainua mikono shingoni, akaivua ile kamba ya kiatu aliyoivaa miaka kumi na moja, na ufunguo wa stoo ukining'inia, akautundika kwenye msumari wa sita.

"Kilichokufa kimeletwa," akasema. "Sasa toeni kipya."

Alizichukua funguo za gari mezani, akamrudishia Gwakisa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alimwambia tu, "Nenda nyumbani, baba. Mama hajageuzwa." Halafu akaenda kukaa kwenye benchi, katikati yetu wanachama, na mtu akasogea kumpisha. Gwakisa alitoka mbio, kwa sababu ilikuwa imeshapita saa saba, na ofisi nzima ilimfungulia njia.

Ndaga ilifungwa roda nyingine, ya aina nzito, na mkanda wake wa tano sikumbuki kama uliwahi kutundikwa. Tangi tulilipata mwaka wa pili wake. Gwakisa aliendesha hadi mama yake alipofariki, na baada ya hapo akaendelea kuendesha, kwa kupenda. Ule ufunguo haukurudi shingoni mwa mtu mmoja tena.

Na sasa tukirudi kwenye kikao cha leo, maana naona mnafikiri nimewasahaulisha. Mjomba wenu Ambele alisimama akaeleza kwamba mke wake amerudi kwao analia, na kwamba ukoo umtafutie mke mwingine aliye mtulivu. Wazee wakaanza kumjadili yule binti, tabia yake, ulimi wake, kilio chake. Nyinyi ni wadogo, hamkumbuki. Mke wa kwanza wa Ambele alilia, akaondoka. Wa pili alilia, akaondoka. Huyu ni wa tatu. Lakini macho mnayo. Shangazi yenu Atupele aliposema yale maneno, mliona alimtazama nani?

Yule binti hakuwepo hata wa kutazamwa. Aliaye ni mkanda, mgonjwa ni roda.